Maswali ya Wasomaji: Bangili ya Mazoezi ya Bei Nafuu, Namba Zipi za Kuaminiwa?

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi jinsi nilivyoijaribu bangili ya mazoezi ya bei nafuu, nikiivaa kazini, njiani na kitandani, ili kuona kama inamfaa mtu wa kipato cha kawaida. Nilisema kwamba hatua, pamoja na mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia, inavipima kwa kiwango cha kuridhisha, kwamba kalori inazikisia tu, na kwamba bangili ya aina hiyo haina uwezo wa kupima presha. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta barua nyingi zaidi, na baadhi yake zimenitia wasiwasi wa kweli. Nimechagua zile zinazowagusa wengi, nikazifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, nina umri wa miaka 48. Bangili inanidai hatua 10,000 kila siku, nami nikifika 6,500 nimechoka kabisa. Je, siku hiyo nihesabu kwamba sijafanya mazoezi?

JIBU: Mama, umefanya, tena si haba. Namba hiyo ya 10,000 haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilianza kuuza kifaa kidogo cha kuhesabu hatua kinachovaliwa kiunoni, ikakinadi kwa namba hiyo. Namba ikashika, ikasambaa duniani, na mpaka leo bangili nyingi huja nayo kama lengo la kuanzia kabla hazijajua anayezivaa ni nani. Watafiti walipokuja kuichunguza walikuta habari njema zaidi. Utafiti ulioongozwa na I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani waliokuwa na umri wa wastani wa miaka 72, ukaona kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku kuliko kwa waliotembea 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia hapo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, uliokusanya pamoja tafiti 15, ulionyesha kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi manufaa hutulia kati ya hatua 6,000 na 8,000, na kwa walio chini ya umri huo, kama wewe, kati ya 8,000 na 10,000. Maana yake ni kwamba hatua zako 6,500 tayari zinakujenga, na ukiongeza kidogo utapata zaidi, lakini hakuna mlango unaofungwa kwa sababu hukufika elfu kumi.

Fungua programu ya bangili kwenye simu, tafuta sehemu ya malengo, ulishushe lengo hadi 7,000, kisha ulipandishe taratibu kadiri mwili unavyozoea. Nakuomba pia uangalie jambo moja ambalo hesabu ya hatua inalificha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikutaja hatua. Lilitaja dakika, yaani dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaoongeza pumzi, au nusu yake kama zoezi ni la nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hatua za kuzunguka kati ya jiko na meza za wateja ni kazi, nami naiheshimu, lakini nyingi ni za polepole. Ukishafunga biashara, tembea kwa haraka kwa nusu saa siku tano za wiki, na hapo utakuwa umetimiza kile hasa ambacho wataalamu wanakihimiza.

SWALI: Naendesha bodaboda Kisumu. Jioni bangili inaniambia nimetembea hatua elfu kadhaa, ilhali mchana kutwa nimekaa kwenye pikipiki. Mke wangu anayechota maji bombani na kubeba ndoo kichwani anaonyeshwa hatua chache kuliko mimi. Je, bangili zetu ni mbovu?

JIBU: Si mbovu, ndugu yangu. Bangili haioni miguu yenu. Kilichomo ndani ni kihisi cha mwendo, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho hupima jinsi mkono unavyoongeza na kupunguza kasi katika pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Programu huichambua mitikisiko hiyo ikitafuta mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea, yaani mkono unaokwenda na kurudi kwa vipindi vinavyolingana. Barabara yenye mashimo hukutikisa kwa mdundo unaokaribia huo, nayo bangili ikadanganyika. Mkeo naye ameinua mkono mmoja kushika ndoo, mkono umetulia kabisa, na kama bangili iko kwenye mkono huohuo basi safari nzima ya kutoka bombani hupita bila kuandikwa. Hali ni hiyohiyo kwa anayesukuma mkokoteni, anayetembelea fimbo na anayeweka mkono mfukoni. Kinyume chake, ukikuna nazi, ukifua kwa mikono au ukisukuma chapati nyingi, utajikuta umetembea ukiwa umeketi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua. Bangili nyingi hazianzi kuhesabu kwenye hatua ya kwanza. Husubiri kwanza hatua kadhaa mfululizo, kwa kawaida kama kumi, ili zisiandike kila mkono unaopungwa. Kwa hiyo anayetembea hatua nne, akasimama, akatembea tano, akageuka, kama afanyavyo mtu jikoni au dukani, hupunjwa.

Dawa ni rahisi. Wewe ivue unapopanda pikipiki, au ukubali kwamba namba ya siku ya kazi si yako na uangalie tu muda uliotembea kwa makusudi. Mkeo aihamishie kwenye mkono usioshika ndoo. Kisha kila mmoja wenu aijaribu: atafute njia iliyonyooka, asome namba iliyopo kwenye skrini, atembee hatua 500 akihesabu kwa mdomo huku akiiacha mikono huru, kisha asome tena. Tofauti ya hatua kumi au ishirini isiwasumbue. Ikiwa bangili inakosea kwa mia moja katika mwendo wa kawaida, rudini kwenye programu mkahakikishe kwamba urefu wenu, pamoja na mkono inaovaliwa, vimeandikwa sawasawa, na ikiendelea kukosea hivyo, irudisheni dukani dhamana ingali hai.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, Tanga. Nimesoma kwamba taa za vifaa hivi hazifanyi kazi vizuri kwenye ngozi nyeusi. Je, ni kweli, au ni maneno ya mitandaoni?

JIBU: Mwalimu, swali lako linastahili jibu refu, kwa sababu ukweli wake una pande mbili na wengi hushika upande mmoja tu.

Ukizima taa ya chumbani ukaigeuza bangili wakati inapima, utaona mwanga wa kijani unaopepesa kwa kasi. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unaposukuma, mishipa midogo chini ya ngozi hujaa damu na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo damu hupungua na mwanga unaorudi huongezeka. Kihisi kilicho kando ya taa husoma kupanda na kushuka huko, na programu ikahesabu mapigo. Mbinu yenyewe ni ya siku nyingi: mwanafiziolojia Mmarekani Alrick Hertzman aliieleza tangu miaka ya 1930. Melanini, yaani kile kinachoipa ngozi weusi wake, nayo hunyonya sehemu ya mwanga huohuo wa kijani, kwa hiyo hofu ina msingi wa kisayansi na hakuna sababu ya kuidharau.

Vipimo vimesema nini? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu 60 kwa vifaa saba vya mkononi. Kwa mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5, lakini makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wanene na kwa wanaume. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilichunguza suala la rangi ya ngozi kwa makusudi, nao hawakupata tofauti ya maana kati ya rangi moja na nyingine. Walichokiona ni kwamba vifaa vinatofautiana sana vyenyewe kwa vyenyewe, na kwamba makosa wakati wa shughuli yalizidi yale ya wakati wa mapumziko kwa wastani wa asilimia 30. Nikizisoma tafiti hizo pamoja, nashawishika kwamba kwa mtu mweusi aliyetulia, bangili yenye kihisi kizuri inatoa mapigo ya kuaminika, na kwamba adui mkubwa zaidi ni mkanda unaolegea na mkono unaotikisika.

Kwa hiyo ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa, iguse ngozi pande zote bila kubana, na ukienda kukimbia ikaze tundu moja zaidi. Chale za wino mweusi huzuia mwanga, na kwa sababu hiyohiyo wanaopaka piko ni busara waihamishie kwenye mkono usio na maua. Kisha ihakiki kwa vidole: weka viwili shingoni kando ya koo, hesabu mapigo kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili, ulinganishe. Wanafunzi wako wanaweza kulifanya hilo darasani bila gharama yoyote, kila mmoja kabla na baada ya kukimbia uwanjani, na watajifunza mengi zaidi ya bangili.

Kuhusu kipimo cha oksijeni, hapo nakuwa mkali zaidi. Kipimo hicho hutumia mwanga mwekundu na mwanga usioonekana, na hata vifaa vya hospitali vinavyobana kidole vimeonyesha kasoro: makala iliyochapishwa Desemba 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ilionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali kina kasoro hiyo, mtu anayehema kwa shida nyumbani asitulizwe na bangili inayomwonyesha asilimia 97. Aende hospitali.

SWALI: Shikamoo. Baba yangu ana presha na kisukari. Amenunua bangili ambayo boksi lake linasema inapima presha, sukari, oksijeni na joto bila sindano. Kila asubuhi inamwonyesha 118 kwa 76, naye ameanza kusema dawa za presha hazihitaji tena. Nifanye nini? Binti, Mombasa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya maelezo yoyote, mshawishi baba aendelee na dawa zake leo, na mwende pamoja kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akapimwe kwa mashine inayofungwa kwenye mkono wa juu. Presha haiumi mpaka imeshadhuru figo, macho au ubongo, na ndiyo maana namba ya uongo ni hatari kuliko kukosa namba kabisa.

Sasa nikueleze kwa nini sikiamini kipimo hicho. Mashine ya presha hufanya kazi kwa kubana: mfuko wa hewa hujaa, hukandamiza mshipa, kisha hewa hutolewa polepole huku mashine ikipima ni kwa nguvu kiasi gani damu inausukuma ukuta wa mshipa. Namba mbili za presha ni vipimo vya nguvu hiyo. Igeuze bangili ya baba uitazame: kuna taa na kihisi, basi. Hakuna kinachobana chochote. Programu ya bangili kama hiyo huchukua mapigo ya moyo, huenda ikaongeza umri na uzito uliojazwa wakati wa kuiunganisha na simu, kisha ikatoa namba inayofanana na ya mtu mzima mwenye afya. Jaribu mwenyewe: mwombe baba apande ngazi kwa haraka kisha apime mara moja, halafu badilisha umri kwenye programu, andika miaka 25, upime tena. Namba isipotikisika baada ya ngazi, au ikibadilika kwa sababu tu umebadilisha umri, utakuwa umempa baba ushahidi ambao maneno matupu hayawezi kumpa.

Nisiwe mtu wa kukanusha kila kitu. Vipo vifaa vya mkononi vinavyopima presha kwa haki. HeartGuide ya kampuni ya Omron, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2019, ina mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda wenyewe, na Watch D ya Huawei ilifuata njia hiyohiyo. Baadhi ya saa janja za Samsung hukadiria presha kwa mwanga, lakini kampuni yenyewe inamtaka mtumiaji azilinganishe na mashine ya mkono wa juu kila baada ya siku 28. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachouzwa kwa bei ya bangili ya kawaida.

Kuhusu sukari sina la kulainisha. Tarehe 21 Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma kwamba haijaidhinisha saa janja wala pete janja yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba anayezitegemea anaweza kukosea kiasi cha insulini au dawa nyingine akapata madhara makubwa. Vihisi halali vinavyobandikwa mkononi au tumboni kwa siku kadhaa ni vitu tofauti: vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi.

Nakusihi usimwaibishe baba kwa kununua alichokinunua. Alitaka kujua hali yake, na nia hiyo ni njema. Kama familia inaweza kuchangishana, mnunulieni mashine ya presha ya mkono wa juu; akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, apime asubuhi na jioni kwa saa zilezile na aandike kwenye daftari atakalomwonyesha daktari. Vipimo vikiwa mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, daktari anapaswa kujua. Bangili aendelee kuivaa kwa ajili ya hatua, maana mwenye presha na kisukari ana haja kubwa ya kutembea.

SWALI: Bangili inasema nimeunguza kalori 600. Je, naweza kula chapati mbili zaidi bila kunenepa?

JIBU: Usiipange sahani yako kwa namba hiyo. Katika utafiti uleule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote katika kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya kuliko vyote kwa asilimia 93, na vifaa hivyo havikuwa vya bei ya chini. Wewe kula kwa kiasi chako cha kawaida na uiache kalori ikae kwenye skrini.

SWALI: Nina miaka 52 na natumia atenolol kwa ajili ya presha. Bangili inanitaka nifikishe mapigo fulani ninapotembea haraka, lakini sifiki hata nikitokwa jasho. Je, moyo wangu una tatizo?

JIBU: Bangili haijui kwamba unatumia dawa hiyo, dada yangu. Hesabu yake huanza na 220, ikaondoa umri wako, ikapata 168, na kutoka hapo ikachukua sehemu: Chama cha Moyo cha Marekani kinataja asilimia 50 hadi 70 kwa zoezi la wastani, yaani mapigo 84 hadi 118 kwa umri wako. Hata kwa mtu asiyetumia dawa hiyo ni makadirio ya jumla. Atenolol na dawa za kundi lake kazi yake ni kuyapunguza mapigo ya moyo, ukiwa umekaa na ukiwa unatembea, kwa hiyo lengo la bangili halikuhusu na kulikimbilia kunaweza kukuchosha kupita kiasi. Tumia pumzi yako: ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni wa wastani na unatosha. Usiiache atenolol ghafla kwa sababu yoyote ile bila daktari, kwani kuikatiza kwa ghafla kunaweza kuushtua moyo. Ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, simama, na uende kituo cha afya.

SWALI: Ninunue bangili gani, na nitaitambuaje ya feki? Rafiki yangu anasema ukiivalisha ndizi ikaonyesha mapigo, hiyo ni feki.

JIBU: Nianze na ndizi, kwa sababu kipimo hicho kinawaonea wauzaji waaminifu. Kihisi kinatafuta mabadiliko ya mwanga unaorudi, na hata bangili halisi ya kampuni kubwa ikifungwa kwenye tunda au kwenye karatasi ya chooni iliyoviringishwa inaweza kutoa namba. Hiyo inathibitisha tu kwamba bangili haijui ni nani amevaa.

Alama bora ya uhalisi ni programu. Kampuni zenye jina, kama Xiaomi au Samsung, huweka programu zao kwenye duka rasmi la simu kwa jina la kampuni, na programu halisi kwa kawaida hukataa kuungana na bangili ya kuiga. Kwa hiyo nenda dukani na simu yako ikiwa na bando, pakua programu hapohapo, unganisha, na ulipe baada ya kuona imeungana. Ukitakiwa kupakua faili kutoka mahali pasipojulikana kwa kupiga picha mchoro ulio kwenye karatasi, acha. Boksi likidai kwamba bangili ya bei ya chini kabisa inapima presha na sukari, mwenye boksi hilo amekwisha kukwambia kama ni mkweli. Ukinunua iliyotumika, hakikisha anayeiuza ameitenganisha na akaunti yake mbele yako, vinginevyo huenda ikakataa kuunganishwa na simu yako.

Kuhusu ipi, ushauri wangu hauegemei jina moja. Bei za vifaa hivi zimekuwa za kushindana tangu mwaka 2014, Xiaomi ilipoitoa Mi Band ya kwanza kwa yuan 79 nchini China, ikiwa haina skrini wala kipimo cha moyo, ila vitaa vitatu na kihisi cha mwendo. Leo kwa bei inayolingana na ya simu ndogo ya batani unapata skrini ya rangi na mapigo ya moyo mchana na usiku. Ningelipia vitu vitatu: kihisi cha moyo, skrini inayosomeka juani, na uwezo wa kuzuia maji. Nisingeongeza hata shilingi kwa ajili ya oksijeni wala kipimo cha msongo wa mawazo. Fahamu pia kwamba bangili nyingi za bei nafuu hazina GPS yake. Ukitaka umbali sahihi wa mbio zako lazima ubebe simu. Zile wiki mbili za chaji zinazotangazwa hupungua sana ukiwasha kipimo cha moyo cha mfululizo na skrini isiyozimika. Ikiwa hatua za jana hazifiki kwenye simu, angalia mipangilio ya betri, kwani simu nyingi za Android huizima programu inayofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji.

SWALI: Bangili inasema nimelala kwa muda wa saa nane, lakini najua nilikuwa macho nikiwaza ada ya shule. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu ulilala kimya. Bangili huutambua usingizi kwa mkono uliotulia na mapigo yaliyoshuka, na mtu anayewaza gizani bila kugeuka humwona amelala. Maabara za usingizi hupima mawimbi ya ubongo, macho na misuli. Bangili haina hata kimoja cha hivyo, na migawanyo yake ya usingizi mzito na mwepesi ni makisio. Saa ya kulala na ya kuamka inaikaribia vizuri, nayo ina faida: ukiona wiki nzima unapanda kitandani usiku wa manane, umepata jambo la kurekebisha. Ila ukikosa usingizi kwa majuma, zungumza na daktari hata kama bangili inakupongeza.

SWALI: Programu inaomba ruhusa ya mahali nilipo, majina ya watu kwenye simu na ujumbe. Je, nikubali?

JIBU: Kubali kinachohusiana na kazi unayoitaka. Ruhusa ya mahali hutumika kuchora njia ya mbio zako, na kwenye baadhi ya simu kuitafuta bangili kwa Bluetooth. Majina na ujumbe ni kwa ajili ya kukuonyesha mkononi nani anapiga, na ukivikataa hatua zitaendelea kuhesabiwa kama kawaida. Ruhusa ya mahali iwe ya wakati unapotumia programu tu, na usitangaze kwa kila mtu ramani ya njia yako ya asubuhi, hasa inayoanzia mlangoni kwako. Mnamo Januari 2018 ramani ya dunia ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava iligundulika kuwa inaonyesha njia ndani ya kambi za kijeshi, kwa sababu tu askari walikimbia wakiwa na vifaa vyao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Unayo haki ya kudai zifutwe unapoacha kutumia huduma. Fanya hivyo kabla ya kuiuza au kuigawa bangili.

SWALI: Je, naweza kutawadha na kuogelea baharini nikiwa nayo? Na mbona chini ya mkanda panawasha?

JIBU: Kama imeandikwa 5ATM, maji ya udhu, ya kuoga na ya kuogelea karibu na ufukwe hayaidhuru, ila kwenye udhu ivue au isogeze ili maji yaifikie ngozi yote. Namba hiyo inahusu mgandamizo wa maji yaliyotulia ya kina cha mita 50, si ruhusa ya kupiga mbizi, na haihusu mvuke wala maji ya moto yenye sabuni, ambayo huchosha mipira inayozuia maji. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kuwasha mara nyingi husababishwa na jasho na sabuni vilivyonaswa chini ya mkanda: uoshe mkanda, ukaushe pamoja na ngozi, uhamishie mkono wa pili kwa siku chache na uulegeze usiku. Vipele vikiendelea au ngozi ikichubuka, acha kuivaa na umwone mhudumu wa afya, kwani huenda mwili wako haupatani na mpira huo, na mkanda wa kitambaa hupatikana kwa bei ndogo.